Marekani: Kodi ya majengo yawahamisha wakaazi wa vitongojini

Msikilizaji, Kiswahili kina neno moja, kodi, linalobeba mambo mawili: fedha ambazo raia hutozwa na serikali, na fedha ambazo mpangaji humpa mwenye nyumba. Ndiyo maana mama mmoja, muuguzi mstaafu mzaliwa wa Mombasa, aliponiambia kwamba anahama New Jersey kwa sababu kodi ya nyumba imemshinda, nilimpa pole kama apewavyo mpangaji. Alicheka. Nyumba ni yake. Aliinunua pamoja na marehemu mumewe katika miaka ya tisini, na mkopo wa benki ulikwisha kabla hajastaafu. Kinachomwondoa ni kodi ile nyingine. Akigawa kwa miezi kumi na miwili deni lake la kila mwaka kwa serikali ya mji, anapata zaidi ya dola 1,000 kwa mwezi, na kwa kiasi hicho, alisema, mahali pengine angepanga nyumba ya mtu na kubakiwa na chenji.

Mama huyu hayuko peke yake. Kwa muda mrefu New Jersey imekuwa jimbo lenye bili za juu kabisa za kodi ya majengo nchini Marekani, na kwa mujibu wa takwimu za serikali ya jimbo hilo, mwaka 2024 wastani wa kodi hiyo kwa nyumba ya kuishi ulipita dola 10,000 kwa mara ya kwanza. Huo ni wastani tu. Katika vitongoji vya kaunti za Essex, Bergen na Morris, ambako treni za kwenda New York hupita, bili ya dola 15,000 au 20,000 kwa mwaka haimshangazi mtu. Hali kama hiyo ipo ng'ambo ya mto Hudson, katika kaunti ya Westchester, na pia Nassau katika kisiwa cha Long Island.

Kwa msikilizaji aliyeko Dar es Salaam, ambako tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa pamoja na umeme wa LUKU, na ilipoanza ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, hesabu hizi zinahitaji maelezo. Fedha nyingi kiasi hicho zinakwenda wapi?

Jibu linaanza na namna vitongoji vyenyewe vilivyozaliwa. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, serikali ya Marekani iliwasaidia askari waliorudi nyumbani kupata mikopo nafuu ya nyumba kwa sheria ya mwaka 1944, na kuanzia mwaka 1947 kampuni ya William Levitt ikajenga Levittown huko Long Island, maelfu ya nyumba zinazofanana kama pacha, juu ya mashamba yaliyokuwa ya viazi. Sheria ya barabara kuu ya mwaka 1956 ikarahisisha safari ya kwenda kazini mjini. Nyumba za Levittown hazikuuzwa kwa watu weusi. Masharti ya mikataba yalisema hivyo waziwazi. Historia hiyo haijafutika, kwani mpaka wa kitongoji uliwekwa pia ili kuamua ni nani atakayechangia shule na nani atakayesomeshwa ndani yake.

Kila kitongoji kilijitawala. Leo New Jersey, jimbo ambalo unaweza kulivuka kwa gari kati ya kifungua kinywa na chakula cha mchana, lina serikali za miji 564 na karibu wilaya 600 za shule. Mji wenye watu elfu tano unaweza kuwa na meya wake, mkuu wake wa polisi, magari yake ya kuondoa theluji na mkuu wake wa elimu. Majirani wawili, mmoja upande huu wa barabara na mwingine upande ule, wanaweza kuwa chini ya serikali mbili. Kila mwanasiasa hukubali kwamba miji ingeungana gharama zingepungua, lakini kila mji hupenda aliyeungana awe mwingine. Princeton, mji wenye chuo kikuu mashuhuri, uligawanyika katika serikali mbili hadi ulipoungana Januari 2013, tena baada ya kura kadhaa zilizoshindwa.

Sasa tuitazame bili yenyewe, kwa kuwa haieleweki vizuri hata kwa wengi wanaoilipa. Mji, kaunti na bodi ya shule, kila kimoja huandaa bajeti yake. Fedha zinazobaki kutafutwa baada ya ruzuku na mapato mengine hugawanywa kwa thamani ya majengo yote ya mji. Chukulia mji unaohitaji dola milioni 20, na nyumba na maduka yake yote yana thamani ya dola bilioni moja. Kiwango kitakuwa asilimia mbili, na mwenye nyumba ya dola 500,000 atalipa dola 10,000. Kumbe basi bei za nyumba zote zikipanda kwa pamoja, kodi haipandi kwa sababu hiyo. Kiwango hushuka na bili hubaki pale pale. Kinachoipandisha ni matumizi. Mthamini wa mji anapokuja kupima upya nyumba zote, wapo wanaopandishiwa na wapo wanaopunguziwa, ingawa sijapata kumsikia aliyepunguziwa akijitangaza.

Zaidi ya nusu ya kodi hiyo huko New Jersey huenda shuleni. Hapa ndipo penye fundo. Mwaka 1973 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura tano dhidi ya nne, katika kesi iliyotoka San Antonio, Texas, iliamua kwamba katiba ya nchi haikatazi shule kutegemea utajiri wa eneo zilipo. Mwaka huo huo mahakama ya juu ya New Jersey iliamua kinyume kwa kutumia katiba ya jimbo lake. Wabunge walipositasita kutafuta fedha, mahakama ilizuia matumizi ya shule za umma mwezi Julai mwaka 1976, na siku chache baadaye kodi ya mapato ya jimbo ikapitishwa. Wananchi waliahidiwa, tena kwa marekebisho ya katiba, kwamba mapato ya kodi hiyo mpya yatatumika kupunguza makali ya kodi ya majengo. Karibu miaka hamsini imepita. Wanalipa zote mbili.

Shule nzuri hupandisha bei ya nyumba, na bei hiyo ndiyo ada isiyotajwa. Wazazi vijana hujibana kununua katika mji wenye shule zinazosifika, hulipa kodi kwa miaka kumi na tano huku watoto wakisoma bila karo, kisha mtoto wa mwisho akimaliza hujiuliza wanakaa pale kwa faida gani. Wakihama, anayenunua ni familia nyingine yenye watoto. Kwa hiyo mji humpoteza mlipaji asiye na mtoto darasani na kumpata mwenye watoto wawili au watatu, na bajeti ya shule haipati nafasi ya kupumua. Sheria ya mwaka 2010 iliweka ukomo wa nyongeza wa asilimia mbili kwa mwaka, lakini ukomo huo una milango ya pembeni, ikiwemo malipo ya madeni na sehemu ya gharama za pensheni na bima ya afya ya watumishi.

Pigo jingine lilitoka Washington. Kwa miaka mingi Mmarekani aliweza kuondoa kodi za jimbo na za mji wake katika hesabu ya kipato kinachotozwa kodi na serikali kuu. Sheria ya kodi ya Desemba 2017 iliweka kikomo cha dola 10,000, na kwa familia nyingi za vitongoji vya New York na New Jersey nyumba peke yake ilikimaliza. Julai 2025 Bunge lilikipandisha kikomo hicho hadi dola 40,000, kikianza kupungua kwa wenye mapato yanayozidi dola 500,000, na kitarudi dola 10,000 mwaka 2030. Nafuu hiyo haimgusi sana mstaafu kama mama wa Mombasa, kwani kipato chake ni kidogo na humnufaisha zaidi kuchukua punguzo la kawaida linalotolewa kwa kila mlipa kodi.

Kwa mstaafu tatizo ni jingine. Kodi ya mapato humfuata mtu na mapato yake: mshahara ukikoma, nayo hupungua. Kodi ya majengo hufuata kuta. Mwenye mkopo huenda asiione sana, kwa kuwa benki humkata kidogo kidogo pamoja na marejesho ya kila mwezi. Aliyemaliza mkopo huandika hundi mwenyewe mara nne kwa mwaka, tarehe mosi ya Februari, Mei, Agosti na Novemba. Asipolipa, mji huuza deni lake kwa mwekezaji, riba hupanda, na mwisho wake unaweza kuwa nyumba yenyewe kuchukuliwa. Huko Minnesota, nyumba ya bibi mmoja aitwaye Geraldine Tyler iliuzwa na kaunti kwa dola 40,000 kwa deni la takriban dola 15,000, sehemu kubwa ikiwa ni riba na faini, na kaunti ikabaki na fedha zote. Mei 2023, bibi huyo akiwa na umri wa miaka 94, majaji wote tisa wa Mahakama Kuu walisema serikali haikuwa na haki ya kukaa na ziada hiyo.

Wanaohama huenda wapi? Wengine huvuka tu mto Delaware na kuingia Pennsylvania. Wengine huteremka North Carolina, Florida au Texas. Majimbo mawili haya ya mwisho hayatozi kodi ya mapato kwa mtu binafsi, na hilo ndilo linalotangazwa. Lisilotangazwa ni kwamba viwango vya kodi ya majengo Texas ni vya juu, na kwamba Florida bima ya nyumba imekuwa ghali mno kutokana na vimbunga. Florida pia ina kanuni kwamba thamani ya makazi kwa ajili ya kodi haipandishwi zaidi ya asilimia tatu kwa mwaka, lakini nyumba ikiuzwa, hesabu huanza upya. Mgeni anaweza kulipa mara mbili ya jirani yake mkongwe mwenye nyumba kama ile ile.

Je, ni kweli kwamba kodi ndiyo inayowahamisha watu? Kwa sehemu. Mtaalamu wa elimu ya jamii Cristobal Young, aliyechunguza kodi ya matajiri iliyoanzishwa New Jersey mwaka 2004, aligundua kwamba matajiri waliohama kwa sababu yake ni wachache sana. Mwenye fedha nyingi ana biashara, marafiki na watoto waliokita mizizi. Nionavyo mimi, wanaosukumwa hasa ni wenye nyumba kubwa na kipato kidogo, na vijana ambao hawajawahi kununua. Kwa hawa, kodi huungana na malezi ya watoto, tiketi ya treni na riba. Mkopo wa miaka thelathini uliopatikana kwa asilimia 2.65 Januari 2021 ulifika asilimia 7.79 Oktoba 2023. Riba hiyo imewafungia ndani hata wanaotaka kuondoka, kwani akiuza, mkopo mpya utamgharimu zaidi kwa nyumba ndogo zaidi. Aidha, msamaha wa kodi ya faida kwa anayeuza makazi yake, dola 250,000 kwa mtu mmoja na dola 500,000 kwa mume na mke, haujabadilishwa tangu mwaka 1997, ilhali bei za nyumba zimepaa.

Wala vitongoji havijawa magofu. Sensa ya mwaka 2020 iliikuta New Jersey na watu zaidi ya milioni tisa, wengi kuliko mwaka 2010. Wanaoondoka kwenda majimbo mengine hufidiwa na wanaoingia kutoka nchi za nje, wakiwemo wasikilizaji wetu wengi. Jirani New York hakubahatika: katika hesabu ya sensa hiyo alipoteza kiti kimoja cha Baraza la Wawakilishi kwa kupungukiwa na watu 89.

Serikali ya New Jersey imejaribu kuwabakiza wazee. Sheria iliyotiwa saini mwaka 2023 iliahidi kuwarudishia wenye umri wa miaka 65 na zaidi nusu ya kodi yao ya majengo, isizidi dola 6,500, mradi mapato yao hayavuki dola 500,000. Wakosoaji waliuliza kwa nini anayeingiza dola laki nne asaidiwe na mwalimu kijana anayepanga. Ni swali la haki, na sijasikia jibu lake.

Mama yetu aliufahamu mpango huo, akapiga hesabu, akaona asubiri nini. Nyumba ilipata mnunuzi kwa muda wa wiki mbili: mume na mke vijana wenye watoto wawili. Walipokuja kuitazama, aliniambia, hawakuuliza habari za paa wala za tanuri la kupashia joto. Waliuliza basi la shule husimama wapi. Hundi ya Agosti aliiandika mwenyewe. Ya Novemba wataiandika wao.