Mlango Unalindwa, Paa Je?

Mkazi wa Dar es Salaam akitaka kuona mji wa kale hufunga safari. Atapanda boti kwenda Mji Mkongwe, au atashika barabara ya Bagamoyo; mwenye nafasi zaidi atafika Pangani, pale mto unapoingia baharini, kutazama nyumba za mawe. Dar yenyewe haimjii akilini, na sheria inamuunga mkono. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja jengo lililosimamishwa kabla ya 1863. Sultani Majid bin Said aliuanza mji huu katika muongo huohuo wa 1860, na Boma la Kale lililopo Sokoine Drive, miongoni mwa majengo makongwe kabisa ya kando ya bandari, ni la 1866 au 1867. Kwa kipimo hicho mji mzima ulizaliwa umechelewa. Ila sheria hiyohiyo ikifika kwenye milango ya nakshi hulegeza kamba: mlango au fremu ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940 inalindwa. Mlango umepewa miaka 77 ya neema ambayo ukuta unaoubeba haukupewa. Najua jibu la wanasheria, kwamba waziri anaweza kulitangaza jengo lolote kwenye Gazeti la Serikali. Ni kweli, lakini tangazo husubiri mtu alikumbuke jengo na kuliombea, na tingatinga halina subira hiyo.

Tuseme basi umri si kipimo. Kipimo kiwe nini? Jibu ninaloliamini limesimama Kariakoo, na aliyelitoa ni Beda Amuli, msanifu majengo aliyesomea Haifa, Israeli, akafungua ofisi yake mwaka 1969. Soko alilolisanifu hapo lilifunguliwa mwaka 1975, kwa hiyo kwa macho ya sheria ni mtoto mchanga. Lakini litazame paa. Muuza mchicha anahitaji kivuli na hewa, na vitu hivyo viwili hugombana, kwa kuwa ukiziba jua kwa kuta umeziba na upepo. Amuli aliumaliza ugomvi huo kwa kusimamisha nguzo za zege ambazo juu zinafunguka kama mwavuli uliopinduliwa na upepo. Mwavuli wa kawaida humwaga maji pembeni, kichwani kwa jirani. Huu wake huyakusanya katikati, na hesabu yake ilikuwa yashuke hadi kwenye matangi chini ya ardhi. Joto la watu na mizigo hupanda na kujitafutia njia ya kutokea. Chini ya hayo yote akachimba shimoni, soko la pili ambalo mpita njia haoni dalili yake, ili shehena na mnunuzi wa fungu moja wasikanyagane. Hakuhitaji kuandika kitabu cha kutueleza haya: ukilifuata tone la mvua kutoka juu hadi chini umeshaisikia hoja yake yote, kwamba jengo la mji huu lianze na masika na jua, mapambo yafuate. Na alilisema hilo jirani na bonde la Msimbazi, mto unaofurika Jangwani kila mvua zinapozidi. Tunasahau kwamba Dar nayo, kama Pangani, ni mji wa mto.

Moto wa 10 Julai 2021 uliliunguza soko hilo. Serikali ikachagua kulikarabati jengo kuu, huku soko dogo la jirani likipisha ghorofa jipya, kwa mradi wa takribani shilingi bilioni 28. Naona uamuzi huo ni ushahidi. Hakuna mwaka wa kwenye sheria uliolilazimisha jengo kubaki. Lilibaki kwa sababu lilikuwa na kazi. Kanisa la Mtakatifu Joseph na la Azania Front, yote ya zama za Wajerumani, yamedumu hivyohivyo, kwa kusaliwa. Boma la Kale tangu 2017 lina kituo cha urithi wa usanifu wa jiji. Nyumba nyingi za katikati ya mji zilinusurika kwa njia isiyo na heshima sana: zilitaifishwa mwaka 1971, zikaingia mikononi mwa Msajili wa Majumba, na baadaye Shirika la Nyumba la Taifa. Mwenye nyumba aliyekosa fedha na haraka ya kujenga upya aligeuka mhifadhi bila kujua. Thamani ya viwanja ilipopanda, uhifadhi wa aina hiyo ukaisha.

Yapo mapingamizi mazito. Moja linasema majengo ya Sultani na ya Wajerumani ni kumbukumbu za utumwa na kutawaliwa, basi yaondoke. Lingekuwa na nguvu zaidi kama yanayoondoka yangekuwa hayo peke yake. Kilichofutika zaidi Kariakoo ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, yenye korido, uani na baraza, ambayo haikuwa ya gavana yeyote. Lingine linasema jipya ni salama. Jengo la ghorofa 16 lililoanguka katikati ya jiji tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36 lilikuwa bado linajengwa. Usalama unatokana na ukaguzi, na ukaguzi hauulizi jengo lina umri gani.

Pingamizi linalonisumbua ni la mwenye kiwanja. Kariakoo kila mita ni duka, na kumwambia mtu aache kupandisha ghorofa ni kumnyang'anya kipato kwa ajili ya macho ya wengine. Mumbai na New York zimejaribu njia nyingine: mwenye jengo la urithi huuza haki yake ya kujenga juu, ikahamia kwenye kiwanja kingine. Hapa kwetu ingehitaji daftari la viwanja ambalo mnunuzi analiamini kuliko neno la dalali. Nani atalishika, halmashauri au wizara? Na nyumba ya vyumba sita iliyojengwa kwa miti na udongo, itaandikwa humo, au tutaandika mlango wake tu?