Kuligeuza Kabuti Kuukuu

Watu wengi hudhani ya kuwa kulitengeneza upya koti kuukuu ni kazi nyepesi kuliko kushona jipya, maana kitambaa kipo, vifungo vipo, na mifuko imekwisha shonwa. Mafundi wenye ujuzi hawakubali. Kitambaa kipya hukatwa apendavyo fundi, lakini koti kuukuu limekwisha katwa na fundi mwingine, kwa mwili wa mtu mwingine.

Kazi hii si ngeni. Huko Uingereza, ambako nguo ziligawiwa kwa kipimo tangu Juni 1941 hata Machi 1949, raia walihimizwa kufumua makoti ya zamani na kuyashona tena. Nchini Kenya makoti ya sufu hupatikana kwa wingi katika mitumba ya Gikomba, Nairobi, nayo mengi huwa makubwa mno kwa mnunuzi.

Chukua mfano wa mjane akaaye Limuru. Marehemu mumewe alimwachia kabuti moja la sufu. Binti yao yumo katika shule ya bweni, na baridi ya mwezi wa Julai i karibu. Fedha za koti jipya hana. Kabuti lile likiharibiwa, mama atapoteza vitu viwili pamoja: nguo ya mtoto na ukumbusho wa mume.

Kwanza fundi hulitazama kabuti mbele ya mwanga, atafute matundu ya nondo na mahali palipochakaa. Kisha hufumua mishono kwa wembe, uzi mmoja mmoja, wala havuti kwa nguvu, maana sufu ya zamani hupasuka upesi. Ikiwa upande wa nje umepauka kwa jua, na upande wa ndani unafanana nao kwa ufumaji, kitambaa hugeuzwa, cha ndani kikawa nje.

Hapo huzuka taabu nyingine. Mfuko wa kifua uliokuwa kushoto huhamia kulia, na matundu ya vifungo vivyo hivyo. Kwa mwanamume ni kasoro, lakini kwa binti ni faida, kwa kuwa desturi ya koti la kike ni matundu kuwa kulia. Basi fundi mwenye busara hazigusi kingo za mbele. Hupunguza ubavuni na mgongoni.

Penye shida kubwa ni begani. Tundu la kwapa likipunguzwa bila kuupunguza mkono kwa kadiri ile ile, mkono hujikusanya mikunjo, na mtoto hawezi kuinua kitabu. Kwa hiyo vipande hupigwa bandi kwanza, mtoto akajaribu, akanyosha mikono, akaketi. Ndipo cherehani ifuatapo, kwa sindano nene ya namba 16 au 18, na kila mshono hupigwa pasi juu ya kitambaa kibichi ili ulale.

Maji yakimwagika hayazoleki, na sufu iliyokatwa vibaya hairudi. Mzazi asimharakishe fundi, wala fundi asione haya kumwambia mzazi ya kuwa kabuti fulani halifai kukatwa. Tena mabaki yasitupwe. Viwiko vya mwanafunzi huchakaa upesi mezani, na kiraka kilichotoka katika kabuti lile lile la baba hakitaonekana kwa urahisi.