Idhini ya Mama na Njia ya Usambara

Vijana watatu wa mtaa wetu wa Makadara walitujia barazani baada ya sala ya Alasiri, mwishoni mwa mwezi wa Machi, wakataka tuwaombee dua ya safari. Kwa kauli yao, walikuwa wamekwisha kupanga. Wangeondoka Ijumaa jioni, kila mmoja na pikipiki yake, wavuke Likoni, wapite mpaka wa Lunga Lunga usiku, waendeshe hadi alfajiri kwa kulikimbia jua, na Jumamosi mchana wawe Mtae, kijiji kilicho ukingoni mwa milima ya Usambara nchini Tanzania, ambapo mtu husimama akaiona nyika ya Mkomazi imetandazwa mbali chini ya miguu yake. Simu ilitolewa, tukaonyeshwa ramani yenye mstari wa buluu. Tukauliza mama zao wamesemaje. Wawili walijibu upesi. Wa tatu aliinamia ile simu.

Mama yake ni mjane, jirani yetu wa miaka mingi, na huyo ndiye mwanawe wa kiume wa pekee. Alikuwa amekataa, na sababu yake haikuhitaji maelezo. Tangu bodaboda zienee mjini, sisi ambao huitwa kuosha maiti tumewashika kwa mikono yetu vijana waliotoka kwao asubuhi wakiwa wazima. Mama hasahau mazishi ya mwana wa jirani. Hata hivyo hatukutaka kusema "hapana" na kufunga mlango, kwani kijana anayekatazwa bila kuelezwa huenda akaondoka bila kuaga. Tukawaambia dua ipo, ila waje kesho na daftari na kalamu, tuipange safari hii upya tangu mwanzo. Tulikaa vikao vitatu, na wazazi kadhaa waliosikia habari wametuomba tuyaandike yaliyosemwa.

Suala la idhini tuliliweka mbele kwa ajili ya adabu, na pia kwa sababu ya fiqhi ambayo vijana hawakuijua. Safari ya matembezi si faradhi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alijiwa na mtu aliyetaka kwenda jihadi, akamuuliza kama wazazi wake wako hai. Alipojibu kuwa wako, akaelekezwa kwao, jitihada yake iwe katika kuwatumikia. Ikiwa jihadi ilikuwa hivyo, sembuse kwenda kutazama milima. Zaidi ya hayo, katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, ruhusa za msafiri hapewi mwenye safari ya maasi. Aliyeondoka kwa kumwasi mama yake hapunguzi sala, hakusanyi, wala hapangusi khofu siku tatu. Vijana walikuwa wamehesabu kilomita, lita na shilingi. Hili la kufika Lushoto na kulazimika kusali rakaa nne kwa sababu ya machozi yaliyoachwa Makadara liliwanyamazisha kitambo.

Mmoja wao, mpenda kudodosa, akauliza kama kutazama milima ni lengo linalokubaliwa kisheria. Ni swali zuri, na wanazuoni wa madhehebu wamelijadili. Wapo waliosema kwamba kuiona miji tu hakutoshi kumpa mtu ruhusa ya kupunguza, bali kujiburudisha na kuiondolea nafsi dhiki ni lengo sahihi. Tukawashauri watie pia nia ya kuwazuru masheikh wa Tanga, mji ambao elimu yake sisi wa Mombasa tumeila na kuinywa tangu zama za wazee wetu, na hapo shaka ikaisha.

Usiku tuliufuta kabisa. Barabara ya pwani ina ng'ombe, mbuzi na waenda kwa miguu, yana malori yaliyoharibika na kuachwa pembeni bila taa, na usingizi humjia dereva bila kubisha hodi. Walipokubali, mmoja akapendekeza Ijumaa asubuhi ili wapate siku moja zaidi. Tukamkumbusha kwamba aliyewajibikiwa na Ijumaa haondoki baada ya alfajiri isipokuwa ataipata sala hiyo njiani, na mpakani ni nani ajuaye foleni itachukua saa ngapi? Ikawa Jumamosi, baada ya sala ya Alfajiri.

Kisha likazuka jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Kijana wa pili ni dereva wa bodaboda, na pikipiki yake ni ya mkopo. Hati ya umiliki ingali na jina la mkopeshaji. Mpakani, mwenye chombo kisicho kwa jina lake huhitaji barua ya mmiliki ya kumruhusu kukitoa nchini, na upande wa Tanzania hupewa kibali cha muda cha kuingiza chombo cha kigeni. Yeye alidhani atapita kwa maneno mazuri. Lakini hata kama afisa angefumba macho, deni lipo, na mdaiwa ambaye malipo yake yamewadia hana ruhusa ya kusafiri bila ridhaa ya anayemdai. Kwa hivyo msafara huu ulikuwa na idhini mbili za kutafutwa: ya mama na ya mkopeshaji. Tulimwambia kijana alipe kwanza malipo ya miezi miwili ijayo, ndipo aombe barua, kwa sababu anayeomba hali anadaiwa husikilizwa kwa sikio moja.

Kadi za manjano nazo ni mbili, na vijana walidhani ni moja. Iko kadi ya bima ya nchi za COMESA, ambayo Tanzania ingali inaikubali ijapokuwa ilijitoa katika jumuiya hiyo, na hutolewa na kampuni ya bima hapa nyumbani ikiwa nyongeza ya bima ya kawaida. Hii ndiyo itakayomlipa mwananchi wa kule akigongwa au kuharibiwa mali. Vijana waliiona gharama ya bure. Sisi tuliiona haki ya mja, ambayo toba peke yake haiifuti. Kadi ya pili ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, hivyo asiyechanjwa mapema hawezi kulitengeneza jambo hilo jana yake.

Sasa njia yenyewe. Kutoka Likoni kupita Ukunda na Msambweni hadi Lunga Lunga ni kiasi cha kilomita 100, kisha Horohoro hadi Tanga ni kiasi cha 65. Siku ya kwanza inaishia hapo, hata kama wamefika Adhuhuri na wana nguvu za kuendelea. Siku ya pili ni Muheza, Segera, Korogwe na Mombo, kisha kupanda. Vijana walikuwa wakiuogopa mlima. Kwa maoni yetu hatari kubwa ya safari hii haiko mlimani, iko kati ya Segera na Mombo, kwani hapo wanaingia katika barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha, na basi kubwa likimpita mwenye pikipiki ndogo humsukuma kwa upepo wake kabla hata hajaligeukia. Dawa yake ni saa. Mabasi yanayoondoka Dar es Salaam asubuhi huchukua saa nyingi kufika Segera. Anayetoka Tanga mara baada ya Alfajiri atakuwa Mombo akinywa chai kabla hayajamfikia. Pia wachunge vibao vya kilomita 50 kwa saa kila wakikaribia vijiji, kwani askari wa kule hawavichukulii kuwa ni mapambo.

Mombo iko kiasi cha mita 400 juu ya bahari, Lushoto kiasi cha 1,400, na baina yao ni kilomita 33 tu. Mita 1,000 zinapandwa kwa njia nyembamba inayojikunja ubavuni mwa jabali, na bonde liko upande mmoja hadi Soni na kuendelea. Sisi tuliipanda zamani kwa basi, tukiwa wanafunzi, kila mmoja na kanzu na kikoi kimoja, na mpaka leo tunaikumbuka baridi ya usiku ule kuliko darsa tulilolifuata. Pikipiki za vijana hawa ni za bodaboda, injini ya sentimita za ujazo 150, na zitapanda bila wasiwasi zikipewa gia ya chini na mizigo ikapunguzwa. Shida iko kwenye kushuka. Asiyezoea mlima huachia gia akashikilia breki, breki zikapata moto na kulegea, naye yumo kwenye kona. Fundi wetu wa mtaani, aliyealikwa kikao cha pili, aliwaonyesha: shuka kwa gia ile ile uliyopandia, injini ikuzuie, breki iwe ya kusaidia. Nasi tukaongeza la kwetu. Masahaba wakipanda mwinuko walikuwa wakileta takbiri, na wakishuka walikuwa wakileta tasbihi. Kijana mwenye "Subhanallah" kinywani na gia ya pili mguuni hatamshindania mwenziwe kwenye kona.

Kutoka Lushoto hadi Mtae ni kiasi cha kilomita 60 nyingine, na huko ndiko hasa walikotaka. Zipo sehemu za udongo mwekundu, ambao ukinyeshewa huwa kama sabuni. Na walitaka kwenda Aprili, katikati ya masika! Mvua za Usambara huangusha udongo na mawe njiani. Tarehe ikasogezwa hadi Julai, wakati wa kiangazi na baridi, na orodha ya nguo ikabadilika: fulana za sufi, glavu, na viatu virefu vya ngozi. Viatu hivyo vina faida yao. Vikiwa tohara, vikafunika vifundo vya miguu, vikazuia maji na kuvaliwa mtu akiwa na udhu kamili, hupanguswa siku tatu na nyusiku zake kwa msafiri, wala hakuna haja ya kuvivua kwenye baridi ya Magamba.

Njia hii si ngeni kwa watu wa kwetu. Mmisionari Krapf, aliyekaa Rabai, aliifuata kwa miguu mwaka 1848 akamkuta mfalme Kimweri ye Nyumbai katika mji wake wa Vugha. Baadaye Semboja, mwana wa Kimweri, aliteremka akaweka makao Mazinde, chini ya mlima, ilikopita misafara ya biashara ya pwani. Mambo ya ukoo huo yameandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi katika kitabu cha Habari za Wakilindi. Tuliwaazima nakala yetu. Hatutaki vijana wetu wapite juu ya nchi ya watu kama wapitao juu ya ramani. (Nakala yenyewe tunaingoja irudi.)

Likabaki suala la amiri. Mtume ametuagiza kwamba wakisafiri watatu wamfanye mmoja kuwa kiongozi wao. Vijana walimwelekea mwana wa mjane kwa kuwa ndiye mwepesi kuliko wote kwenye pikipiki. Tukasema wepesi ndio unaohitaji kuongozwa. Akachaguliwa dereva wa bodaboda, ambaye pikipiki ni riziki yake na hawezi kuichezea, na ikaandikwa daftarini kwamba akisema "turudi", watarudi, hata wakiwa wamebakiza kilomita mbili.

Daftari likajaa. Usiku mmoja baada ya Isha, sisi na ahali yetu tulilipeleka kwa mama, pamoja na mwanawe. Kwa kuwa mama huyo hasomi bila miwani, na miwani ilikuwa imevunjika, ahali yetu alimsomea ukurasa kwa ukurasa: saa za kuondoka, mahali pa kulala, kadi mbili, gia, viatu. Alisikiliza bila kukatiza. Alipofika kwenye kofia ngumu, mama alimtuma binti yake kuileta ile ya mwanawe, akaigeuza, akatuonyesha ukanda uliokatika na kufungwa kwa uzi. Hatukuwa na jibu. Vikao vitatu, na hakuna kati yetu aliyeitazama.

Kisha akamgeukia mwanawe. "Mkifika Mombo mkakuta mvua?"

"Tutalala chini, mama. Hatupandi."

"Na mlima uko mbele ya macho yako?"

Kijana alichukua muda. "Nitarudi, mama."

Hakutupa jibu usiku ule, nasi hatukumharakisha. Siku ya nne alimwita ahali yetu akatoa idhini, kwa masharti: kofia mpya kabla ya kitu kingine chochote, simu ipigwe Horohoro, Tanga, Mombo na Lushoto, na asimsikie mwanawe akibishana na amiri wake. Ndipo tulipoisoma dua, mbele yake.

Hadi tunapoandika haya barua ya mkopeshaji haijatoka. Vijana wanataja Jumamosi ya kwanza ya Julai. Kofia imenunuliwa, chanjo zimechanjwa, na vyeti vyote vitatu vimewekwa ndani ya daftari, ambalo mama ameomba likae kwake mpaka asubuhi ya kuondoka.