Fahamu: Mvua za Msimu ni nini, na kwa nini Tunduma haisubiri vuli?

Ni mvua zinazonyesha mara moja kwa mwaka, kwa kawaida Novemba hadi Aprili. Mkoa wa Songwe, uliko mji wa mpakani wa Tunduma, huzipata pamoja na Mbeya, Rukwa, Dodoma na mikoa mingine ya magharibi, kati na kusini. Vuli na masika ni za pwani ya kaskazini, kaskazini mashariki na Ziwa Victoria.

Chanzo chake

Ukanda wa mvua unaozalishwa na makutano ya pepo hulifuata jua. Desemba hadi Februari huwa kusini, ukirudi kaskazini mvua hukatika. Zambia, ng'ambo ya mpaka, ina kalenda hiyohiyo.

Mkulima afanyeje?

Mahindi ya Mbozi, mkoani Songwe, hupandwa mvua zikishatulia. Manyunyu ya Oktoba yamewahadaa wengi: mbegu huota, kisha jua huziunguza. Bora kusubiri udongo ulowe hadi chini.

Nyanya nazo husumbuliwa na ugonjwa wa bakajani wakati wa unyevu mwingi, ndiyo maana wengi huzilima kiangazi, mabondeni, kwa kumwagilia. Juni na Julai baridi huchelewesha miche.

Utabiri wa msimu hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), kabla ya Novemba.