Kauri Ilipewa Kidaka, Chungu Kikabaki Jikoni

Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo, mwenye kiwanda cha vyombo anayejiandaa kwa maonyesho ya biashara asiutegemee sana msemo huo. Wenyeji wa pwani ya Malindi na Kilifi walijua karne nyingi zilizopita kwamba hata chombo chema huhitaji mahali pa kuonekana.

Ushahidi uko Mambrui, kaskazini ya Malindi. Nguzo ya kaburi moja la kale huko ilipachikwa mabakuli ya kauri kutoka Uchina, juu kabisa, ili mpita njia asikose kuyaona.

Kusini ya Malindi, yapata kilomita 16, kuna magofu ya Gede, ambayo UNESCO iliyatia katika Urithi wa Dunia mwaka 2024. James Kirkman, aliyeanza kuyachimbua mwaka 1948, aliipa nyumba moja jina la bakuli la kauri.

Katika nyumba za mawe za Waswahili, hasa kule Lamu, mafundi walijenga zidaka, yaani vishubaka ndani ya ukuta, vikapakwa chokaa nyeupe. Msomaji, itazame hekima yake. Chumba cha ndani kilikuwa na mwanga hafifu. Kauri ing'aayo, ikiwekwa kwenye weupe wa chokaa, hurudisha hata mwanga mdogo. Kila chombo kilikuwa na kijumba chake, bila ya kusongwa na mwenzake.

Anayepanga kibanda cha maonyesho leo atafaidika na somo hilo: ukuta mweupe usio na marembo, taa ya kutosha, vyombo vichache vilivyoachiana nafasi, vilivyo bora usawa wa macho na vizito chini.

Lakini lipo jambo jingine. Udongo wa Gede umejaa pia vigae vya vyungu vilivyofinyangwa papa hapa pwani. Hivyo ndivyo vilivyopika chakula na kutunza maji, ila havikupambia kaburi. Hata sasa, sokoni chungu hupangwa mavumbini na sahani ya ng'ambo hukaa rafuni. Mnunuzi hukadiria thamani kabla ya kuuliza bei.

Basi mfinyanzi asilalamike kwamba wateja wanapenda vya kigeni tu. Kwanza akipe chungu chake kidaka.