Homa Inapoishia Kwenye Mshtuko wa Moyo

Februari 21, 1911, mtunzi wa muziki Gustav Mahler alipanda jukwaani katika ukumbi wa Carnegie, New York, kuongoza okestra huku mwili ukiwaka homa. Hakuongoza tena. Damu yake ilipooteshwa maabara, bakteria wa jamii ya streptokoki waliota: walikuwa wameweka makazi kwenye valvu za moyo wake, zilizokuwa na kasoro kwa miaka. Dawa haikuwepo. Alifariki Vienna Mei 18, akiwa na miaka 50.

Leo ugonjwa huo, endokaditisi, hutibiwa kwa antibiotiki za mshipani, mara nyingi wiki 4 hadi 6, na wengine hufanyiwa upasuaji. Lakini bado unaua, na mojawapo ya njia zake ni mshtuko wa moyo.

Mshtuko tuliouzoea huanzia kwenye mafuta yanayojijenga taratibu ndani ya mishipa. Huu una chanzo kingine. Bakteria na damu iliyoganda hufanya kinyama laini juu ya valvu, kinachotikisika kila moyo unapopiga. Kipande kikimeguka, damu hukibeba hadi kwenye ubongo, figo au wengu. Mara chache, hasa inapougua valvu ya aota (mshipa mkuu unaotoka moyoni), kipande huingia kwenye mishipa inayoulisha moyo wenyewe, kwa sababu matundu ya mishipa hiyo yako papo hapo juu ya valvu. Hata kijana asiye na presha wala kisukari anaweza kupatwa.

Hapo kosa dogo hugharimu maisha. Dawa za kuyeyusha damu iliyoganda, ambazo zimeokoa wagonjwa wengi wa mshtuko wa kawaida, kwa mgonjwa wa endokaditisi zinaweza kusababisha damu kuvuja ndani ya ubongo. Ndiyo maana mgonjwa au ndugu aliyemleta lazima amwambie daktari kama kulikuwa na homa.

Afrika Mashariki, homa ya rumatiki, inayofuata maambukizi ya koo ya utotoni yasiyotibiwa, imeharibu valvu za vijana wengi. Wakipata homa ya wiki kadhaa, jasho la usiku na kukonda, hudhaniwa ni malaria au taifodi, wakanunuliwa vidonge dukani. Vidonge hivyo, vikiwa vya antibiotiki, huweza kuwaficha bakteria wasionekane kwenye kipimo, ilhali kwenye valvu wanaendelea kuila.

Kama uliwahi kuambiwa valvu yako ina tatizo na homa haikuachi, usimeze antibiotiki kwa kubahatisha. Nenda hospitali mapema, uombe damu yako ioteshwe kwanza.