Bezaleli wa Ziwani

Somo: Kutoka 31:1–11 na 35:20–35

Popote ulipo asubuhi hii, ukiwa jikoni wachemsha chai, au wafunga viatu ili uwahi basi, nakukaribisha tukae pamoja dakika chache mbele ya Neno la Mungu.

Leo naanza kwa kuungama. Miaka mingi iliyopita, hapa mtaani kwetu Ziwani, palikuwa na kijana wa kanisa letu aliyekuwa akiokota makopo ya rangi yaliyoachwa na mafundi. Kwa mabaki hayo alichora vibao vya vibanda: jogoo mwekundu mlangoni pa muuza kuku, kiatu cheusi kwenye sanduku la fundi wa viatu. Jumapili moja baada ya ibada alinijia, akaniomba ruhusa achore ukuta wa chumba cha Shule ya Jumapili. Mimi, nikiwa mzee wa kanisa, nikamjibu mbele ya wenzake, "Kijana, acha mchezo huu wa kupaka-paka. Tafuta kazi, umtumikie Mungu." Hakunijibu neno. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile nyingine.

Nilidhani nimemshauri vyema. Kumbe sikuwa nimeisoma Biblia yangu sawasawa.

Ndugu yangu, mtu wa kwanza ambaye Biblia yatuambia wazi kwamba Mungu alimjaza Roho wake ni nani? Si kuhani, wala si mfalme. Ni fundi. Jina lake Bezaleli, mwana wa Uri, wa kabila ya Yuda. Mungu alimwita kwa jina, akamjaza Roho ili awe na hekima ya mikono: kufua dhahabu, kukata vito, kuchora miti. Akampa mwenzake, Oholiabu wa kabila ya Dani, na wote wawili wakapewa moyo wa kuwafundisha wengine.

Sasa angalia vitu walivyotumia. Nyuzi za buluu, za zambarau na nyekundu. Kitani laini. Singa za mbuzi, ambazo hukwaruza mkono. Ngozi za kondoo zilizotiwa rangi nyekundu. Mbao za mshita, mti wa jamii moja na migunga yetu ya nyika. Hayo yote yalitakiwa jangwani, kwa watu waliokuwa wametoka utumwani juzi, wakaao katika hema. Na akina mama hawakuachwa nyuma: wao walisokota nyuzi kwa mikono yao wenyewe, wakazileta. Mungu hakusema, "Ninyi ni maskini, rangi si kitu chenu."

Najua msikilizaji mmoja aniuliza, "Je, amri ya pili? Hatukukatazwa sanamu?" Ni swali jema, tusilipite. Katika sura ya 32 watu walivua pete zao za dhahabu, wakamtengeneza ndama, wakamsujudia. Katika sura ya 35 watu hao hao walileta mapambo ya dhahabu kwa kazi ya hema ya Bwana. Dhahabu ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni moyo, na yule aliyeinamiwa. Tena, kwenye mapazia ya hema ile Mungu mwenyewe aliagiza wafume makerubi. Alichokataza ni kukiabudu kilichotengenezwa kwa mikono. Hakuikataza mikono isitengeneze.

Twendeni basi hapa jirani, soko la Kariokor. Jina hilo lenyewe ni kumbukumbu ya wapagazi wa Kiafrika wa vita vya 1914 hadi 1918, wale wa Carrier Corps. Humo hukaa akina mama na vyondo vyao. Umewahi kumtazama mama akianza kiondo? Huanzia katikati ya kitako, kwa nyuzi chache tu, kisha huzunguka na kuzunguka, safu juu ya safu, akiongeza nyuzi jinsi kinavyopanuka. Mama zetu wa Ukambani na Ukikuyu walisokota nyuzi hizo pajani, za maganda ya miti na baadaye za katani, wakazitia rangi kwa kuzichemsha pamoja na mizizi, magome na majani. Pitisha kidole juu yake: utaona kila safu inainuka kidogo. Hata mtu asiyeona kwa macho aweza kuusoma mkono wa mama aliyekisuka, pale alipokaza na pale alipolegeza. Na kiondo hicho chenye milia mizuri hubeba viazi. Uzuri wake haukukizuia kufanya kazi.

Au fikiria Kanisa Kuu la Murang'a, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa siku za Hali ya Hatari. Ukutani mwake, mwaka 1959, mchoraji Elimo Njau alichora picha kubwa tano za maisha ya Bwana Yesu. Njau alizaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1932, akasomea Makerere. Katika picha zake Bwana ni Mwafrika, na nchi inayomzunguka ni nchi ya Wakikuyu. Fikiria waumini wale, waliozika ndugu zao, wakiinua macho na kuona kwamba Mwokozi aliteswa katika vilima vyao wenyewe, wala si katika nchi ya mbali. Mwaka 1965 Njau akasaidia kuanzisha hapa Nairobi nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa. Alipenda kuonya kwamba kuiga kazi ya mwenzako ni kama kumlaza Mungu usingizi. Maana Mungu aliyemfanya kila mtu na alama zake za vidole hapendi kuona watoto wake wakinakiliana.

Basi tufanye nini? Kwanza, tutazame. Mwezi wa Oktoba mijakaranda inapomwaga maua, nasi twakanyaga zambarau ile ya hema ya Bwana tukikimbilia kazini. Simama kidogo, ushukuru. Pili, tuguse kazi ya mikono ya watu kwa heshima, tusimwombe mama wa kiondo apunguze bei hadi jasho lake liwe bure. Tatu, tuwaangalie watoto wetu. Yule anayechora pembeni mwa daftari huenda ameitwa kwa jina.

Nami nilikwenda kumtafuta yule kijana. Nilimkuta Gikomba, ana mvi tayari, akiandika maneno ubavuni mwa mkokoteni, na watu wamemzunguka. Nikamwambia, "Mwanangu, nilikukosea mbele ya watu. Nimekuja kukuomba msamaha mbele ya watu." Hakuinua uso mpaka alipoimaliza herufi aliyoianza. Kisha akasema, "Mzee, ule ukuta bado haujachorwa?" Nikamjibu, "Bado." Akacheka kidogo, akachovya brashi, akaendelea na kazi yake.

Hajarudi. Lakini nimenunua makopo manne ya rangi, mapya, ambayo hayajafunguliwa. Yamo katika stoo ya kanisa, yamngoja. Na wewe msikilizaji, ni nani uliyemnyamazisha? Usingoje awe na mvi.

Tuombe. Ee Mungu, uliyeumba nuru kabla ya vyote, wala hukuumba ua moja tu wala rangi moja tu, utusamehe tulipodharau kipawa ulichowapa wengine. Fungua macho yetu tuone, na mikono yetu itende. Uwarudishe nyumbani wale tuliowafukuza kwa maneno yetu. Kwa jina la Yesu, aliyekuwa mwana wa seremala. Amina.